Lifti ya Saa Sita

Nilipanda ngazi mia moja na nane,
begani dira, futi ya chuma na daftari
lenye doa la kahawa ya jana.
Ghorofa sita. Saida nzima haina umeme tangu alfajiri,
na jua limefurika barabarani
kama maji ya bomba lililopasuka
hakuna anayekinga ndoo.

Juu ya paa nilikuta yale ya kila paa:
matangi manane, madishi yenye kutu,
banda la njiwa wa Abu Shakib,
kamba ya nguo, kiti cha plastiki chenye miguu mitatu.
Nikatoa kivuli cha matangi, nikatoa kivuli cha banda,
nikatoa na kivuli cha jengo jipya la jirani
linaloanza kula magharibi saa tisa.
Zikabaki paneli kumi na nane, zinaelekea kusini,
zimeinama digrii thelathini
kama watu kumi na wanane wanaosoma barua moja.

Nikashuka na hesabu. Ugomvi ukapanda.
Abu Shakib: njiwa wangu hawahami.
Madam Odette wa duka la dawa: nimechanga zaidi, nipewe zaidi.
Kijana wa ghorofa ya pili alitaka kiyoyozi usiku kucha.
Mwenye jenereta ya mtaa, aliyekuja bila kualikwa,
akasema jua halitoi risiti,
mtanikumbuka mawingu ya Januari.
Waligawana jua kama warithi wanavyogawana shamba
ambalo marehemu hakuwahi kulilima.

Hakuna aliyemtaja Bi Wadad.

Mlango wake ndio wa mwisho kabla ya paa.
Jua ni jirani yake kuliko lilivyo jirani ya yeyote mle ndani,
na jioni anakula kwa mshumaa.
Tangu lifti ilale, miaka miwili na kitu,
hajakanyaga chini. Magoti, alisema,
akayapiga kofi kama watoto watukutu.
Mkate humpandia kwa kikapu cha kamba.
Pesa huteremka kwa kikapu hicho hicho,
na salamu, na mara moja, alicheka,
meno yake ya bandia, kwenda kwa fundi na kurudi.

Akaniuliza: hivyo vioo vyako vinaweza kuvuta sanduku la chuma?
Nikamwambia mota ya lifti ikiamka
hudai mara tatu ya inachotumia ikitembea.
Nikataja inveta kubwa, nikataja betri, nikataja gharama.
Sikuuliza bei, akasema. Nimeuliza kama vinaweza.
Nikafungua daftari juu ya kitambaa chake cha meza.
Saa sita mchana, betri zikiwa zimeshiba,
na kila mtu akizima vyake kwa nusu saa:
vinaweza.
Safari moja chini. Moja juu.

Sijui nani alianza kulegea.
Nadhani Abu Shakib, maana asubuhi moja banda lilikuwa kona nyingine
na yeye alikuwa na mikwaruzo mikononi, hataki kuulizwa.
Odette akaandika kwa kalamu nyekundu,
akabandika langoni: SAA SITA, ZIMENI.
Yule wa kiyoyozi alinuna wiki nzima. Alizima.

Siku ya kwanza niliwasha mwenyewe.
Jengo lote likanyamaza, friji, feni, redio,
kisha ukutani kitu kikasafisha koo.
Bi Wadad akatoka mle ndani na mkoba,
rangi ya mdomo, na viatu vya kutokea
vilivyopata vumbi la kabatini tu.
Hakwenda sokoni. Hakwenda hata baharini,
ingawa ni mitaa miwili, na kunanukia.
Alivuka barabara, akageuka, akainua uso:
dirisha lake, na kikapu kikining'inia chini yake,
kidogo kama kikombe.
Kumbe ni mbali hivi, akasema.

Kisha akanishika mkono
akaniuliza lile wingu, upande wa bahari,
linakuja au linakwenda.